Kilichotoka Tumboni

Anayeisoma orodha ya machapisho yangu kwa mara ya kwanza hudhani ni ya watu wawili. Kuna makala za upasuaji: kufungua matumbo ya ng'ombe, kukata kidole cha kwato kilichooza, kushona ngiri ya kitovu ya ndama. Halafu zinakuja za lishe: mabua ya mahindi, mashudu ya alizeti, mawe ya chumvi. Kwenye usaili wa kupanda cheo nimeshaulizwa mimi hasa ni mtu wa fani ipi, na kila mara nimejibu kwamba fani ni moja na ilianzia kwa ng'ombe wa mama mmoja, pembezoni mwa mji wa Morogoro.

Ilikuwa kiangazi. Mama yule alinipokea kwa furaha, akaniambia, "Daktari, huyu ana mimba kubwa, ila ameacha kula." Nikazunguka nyuma ya mnyama. Ubavu uliojaa ulikuwa wa kushoto, na kwa ng'ombe mimba hukaa zaidi upande wa kulia. Kushoto ni mahali pa tumbo la kwanza, lile ambalo kwa ng'ombe mkubwa wa maziwa hupita lita 100. Nikakandamiza kwa ngumi, ngumi ikaacha bonde kana kwamba nimekandamiza unga uliokandwa. "Samahani mama, hapa hakuna ndama," nilimwambia. Alikaa chini kwenye gogo bila kusema neno.

Tulimpasua akiwa amesimama, kafungwa kwenye mwembe. Unanyoa, unaosha, unachoma ganzi kando ya mifupa ya mgongo hadi ubavu wote ufe. Unakata ngozi, unapita misuli tabaka kwa tabaka, kisha unalivuta tumbo nje kidogo na kulishona kwenye ngozi pande zote kabla hujalifungua. Hatua hiyo ndiyo uhai wa mnyama, kwa sababu maji ya tumboni yakidondokea ndani kwenye utando, umempoteza. Baada ya hapo ni mkono hadi begani. Nilitoa mifuko ya plastiki ya rambo, kamba za katani, vipande vya nguo na kipande cha waya, vyote vimesokotana kuwa donge moja gumu. Majirani waliokuja kutazama walinyamaza. Tulipomaliza kushona tulimnywesha maji ya tumbo la ng'ombe mzima kutoka machinjioni, ili apate wale vijidudu wanaomeng'enya majani. Alicheua siku chache baadaye.

Makala ya kwanza ikatoka hapo. Lakini lililoninyima usingizi ni jambo ambalo kisu hakiwezi kulijibu: kwa nini ng'ombe ale mfuko? Njaa ni sehemu ya jibu, na harufu ya chakula iliyobaki kwenye mfuko ni sehemu nyingine. Sehemu ya tatu nilikuwa naiona kila kiangazi bila kuitafakari, kwa maana ng'ombe hao hao walikuwa wakitafuna mifupa. Arnold Theiler, ambaye jina lake limebebwa na kimelea cha ndigana kali, *Theileria*, alishaonyesha kule Afrika Kusini, mwanzoni mwa karne iliyopita, kwamba ng'ombe hutafuna mifupa kwa kukosa fosforasi, na kwamba unga wa mifupa huwapunguzia uchu huo. Nyasi zikikauka, fosforasi hupungua. Mnyama hutafuta cha kujaza pengo, na mjini anachokikuta ni takataka.

Ndiyo maana nikahamia kwenye malisho. Miaka iliyofuata nilipima mabua, nikachanganya madini, nikakaa mazizini na maofisa mifugo wa kata ambao majina yao nimehakikisha yapo kwenye makala kama waandishi wenza, si kwenye shukrani za mwisho. Wao ndio walioamka alfajiri kupima maziwa.

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na Tanzania ikafuata Juni 1, 2019. Nilifurahi kuliko nilivyofurahia cheo chochote. Hata hivyo mifuko iliyokwisha kutupwa bado imo ardhini, kamba na vifungashio vipo, na kiangazi kinarudi kila mwaka na upungufu wake.

Kuna aina moja ya chapisho ninayoitetea hata sasa ninapokaribia kustaafu: ripoti ya mnyama mmoja. Katika kupanda cheo huhesabiwa alama chache, na majarida makubwa mengi huikwepa. Lakini daktari aliye peke yake wilayani, usiku, na taa ya simu mkononi, hahitaji wastani wa ng'ombe mia. Anahitaji kujua mwenzake alikata wapi, alishona kwa uzi gani na mnyama aliendeleaje.

Kwa hiyo, daktari kijana, ukimfungua ng'ombe, andika siku hiyo hiyo. Eleza ulichokikuta, ng'ombe alikuwa anakula nini na wapi, ni mwezi gani, na kama alikufa sema alikufa. Peleka jaridani. Kisha andika ukurasa mmoja wa Kiswahili, uuache ofisi ya kata na kwa mwenye ng'ombe, maana yeye ndiye atakayenunua jiwe la chumvi lenye fosforasi kabla ya kiangazi kijacho.