Atomu si Punje ya Mchanga

Sisi tunaofundisha sayansi tumezoea kumwambia mtoto kwamba atomu ni kama punje ndogo mno ya mchanga. Mfano huo humfaa leo, lakini kesho humfunga. Mwaka 1991, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Mark Kasevich na Steven Chu walipoza atomu za sodiamu kwa mwanga wa leza, wakaipitisha kila atomu njia mbili kwa wakati mmoja, kisha wakazikutanisha njia hizo na kupima nguvu ya uvutano wa dunia. Punje haipiti njia mbili, wimbi hupita. Kazi ngumu ni kuyalinda mawimbi hayo yasiachane mpigo: atomu hutiwa katika ombwe zisigongwe na hewa, na mitikisiko huzuiwa. Mwaka 2024 wataalamu wa Berkeley walitangaza kwamba wameulinda upatano huo hadi sekunde 70.

Darasani karai la maji latosha. Vijiti viwili vikichovywa kwa mpigo mmoja, viwimbi vyake hukutana na kuchora mistari iliyotulia. Kijiti kimoja kikikosa mpigo, mistari huvurugika. Hapo ndipo tuwaulize watoto: je, mawimbi yamekwisha? Tuwaache wabishane kabla ya kuwajibu.