Kurunzi za Feri na Hesabu ya Betri Sita



Ndugu zangu wasomaji, na hasa nyinyi mama na dada zetu, haya niyaelezayo yamenifika mimi mwenyewe, na lawama yake ni yangu.

Mke wangu husomesha darsa ya wanawake upande wa Likoni na hurudi kisiwani baada ya Magharibi. Kivukoni hana hofu. Pana taa na pana watu. Giza lake huanza anaposhuka kwenye tuktuk mdomoni mwa kichochoro chetu, hapa Mji wa Kale, siku ambazo umeme umekatika. Simu yake ina taa, lakini mwanamke anayemulika kwa simu gizani humwonyesha mwizi kile anachokitafuta. Ndipo siku moja nikasimama Feri mbele ya mchuuzi, nikanunua kurunzi tatu ndogo za kutunga kwenye funguo, za shilingi hamsini kila moja.

Nakiri kuwa napenda kufungua vitu. Nilipokuwa mwanafunzi wa madrasa niliwahi kuadhibiwa kwa kuifungua saa ya ukutani, na tabia hiyo haikuniacha. Basi nikatandika gazeti juu ya mkeka, nikazifungua zote tatu. Hazina skrubu; ukucha wa kidole gumba unatosha. Ndani ya kila moja mlikuwa na betri mbili nyembamba zilizopandana, za aina iandikwayo CR2016. Maandishi hayo yana maana: 20 ni upana wa milimita 20, na 16 ni unene wa milimita 1.6. Zikipandana mbili, unene wao ni milimita 3.2, ambao ndio unene wa betri moja ya CR2032, ile inayopatikana katika maduka mengi ya saa. Kwa hiyo moja nene hukaa mahali pa mbili nyembamba bila kubadilisha chochote.

Tofauti iko katika nguvu. Kila moja ya betri hizo ina volti 3. Mbili zikifuatana hutoa 6, ilhali kijitaa cheupe cha LED huhitaji takriban 3 tu. Nikaiacha kurunzi moja na betri zake mbili, nyingine nikaitia moja nene, nikaziwasha zote mbili baada ya Isha. Ile ya kwanza iling'ara hata nikasomea msahafu kwa mwanga wake, lakini kabla ya adhana ya Alfajiri ilikuwa nukta tu. Ya pili ilikuwa na mwanga mpole, wa kutosha kuona ngazi na dimbwi, na asubuhi ilikuwa ingali inawaka. Haishangazi: betri nyembamba hubeba takriban miliampia-saa 90, na nene 220 hivi. Nikazigeuza zote tatu kuwa za betri moja, na zile sita nyembamba nikazitia katika finjani.

Kabla ya kuzitia, nilizipima zile mbili zilizochoka kwa mita niliyoazima kwa fundi wa redio. Kila moja ilionyesha volti 2.6. Nilistaajabu, nikamwambia mke wangu kwa kujigamba kuwa betri iliyoshindwa kuwasha taa bado haijafa. Kisha nikaiacha finjani juu ya meza fupi, nikaenda Marikiti kutafuta betri nyingine. Niliporudi niliingia kutawadha kwa ajili ya Alasiri.

Nikasikia sauti ya binti yangu. Mwanawe, ambaye hajatimiza miaka miwili, alikuwa ameketi juu ya mkeka, finjani imepinduka, kidole kimoja ki mdomoni. Betri zilikuwa zimetapakaa.

"Baba, zilikuwa ngapi?"

"Sita."

Alizihesabu mara mbili. Zilikuwa tano.

Tuliinua mkeka, tukasogeza meza, hatukuona kitu. Mtoto alikuwa akicheka. Tukapanda tuktuk mpaka hospitali, na njia nzima sikuweza kumtazama binti yangu usoni.

Alichotueleza daktari wakati tukingoja picha ndicho kilichonifanya niandike. Betri ya upana huo hukwama katika koo la chakula la mtoto mdogo. Wengi wetu hudhani madhara yake ni sumu inayovuja, lakini kinachochoma ni umeme wenyewe. Umajimaji wa koo huunganisha pande mbili za betri, na mahali inapogusa hutokea magadi makali yanayokula nyama. Saa mbili zinatosha kuleta jeraha kubwa. Na betri iliyochoka kwa kurunzi bado ina nguvu ya kufanya hayo. Maneno haya ya mwisho yalinipata kifuani, kwa sababu ile 2.6 niliisoma kwa macho yangu.

Akatufunza pia kwamba mtoto aliyetimiza mwaka mmoja, naye anaweza kumeza, apewe asali vijiko viwili vidogo kila dakika 10, visizidi vipimo sita, njiani kuelekea hospitali. Asali hupunguza kuungua; haichukui nafasi ya daktari, na msisimame njiani kwa ajili ya kuitafuta. Asitapishwe, wala asipewe chakula kingine.

Picha ilitoka safi. Hakukuwa na kitu tumboni wala kooni.

Tulipofika nyumbani nilitia mkono mfukoni mwa kanzu kumlipa dereva. Kiganjani, baina ya sarafu, palikuwa na kipande kimoja cha duara kisichokuwa shilingi. Niliichukua mwenyewe betri ile kwenda Marikiti ili nimwonyeshe muuzaji ukubwa wake, na kwa hofu nikasahau. Binti yangu aliitazama, akanitazama, akamkumbatia mwanawe, akaingia ndani bila kusema neno.

Sasa betri zilizotumika huzifunga kwa utepe wa plastiki pande zote mbili, moja moja, na kuziweka katika kopo lenye kifuniko juu ya kabati mpaka nizitoe nyumbani. Zile kurunzi tatu nimezivunja. Mke wangu nimemnunulia nyingine ya funguo, ndefu kama kidole, inayotumia betri moja ya rimoti na kufungwa kwa hesi. Nimeijaribu kwa betri ya kawaida ya volti 1.5 na kwa ile ya kuchajiwa ya 1.2, na zote zinaiwasha vyema. Muuzaji alinishauri niitie betri ya lithiamu ya umbo lilo hilo, lakini hiyo ina volti 3.7, na kurunzi isiyoundwa kwa ajili yake huweza kuungua. Nilimrudishia. Majaribio yangu siku hizi nayafanya barazani, mtoto akiwa amelala, na binti yangu ndiye anayehesabu.