Chanjo Iliyosubiri Baba Apate Nguvu

Mwezi wa Julai, kule kwetu Kilema, jua huweza kukaa siku tatu bila kuonekana. Ukungu hushuka kutoka msituni ukatanda juu ya migomba, na moshi wa jikoni, kwa kukosa pa kwenda, huwarudia wapishi machoni. Wenzetu wa Dar es Salaam tukiwaambia kwamba nchini mwao kuna mahali ambapo mtu hujifunika blanketi mbili na bado akasikia baridi, hudhani tunajivuna. Ilikuwa katika Julai ya namna hiyo, miaka mitatu iliyopita, baba yangu alipopatwa na kichomi.

Alikuwa na umri wa miaka 71. Yalianza mafua ya kawaida, mama akamchemshia tangawizi, na sisi tulio mjini tukapewa salamu kwa simu kwamba mzee ana mafua kidogo. Siku ya tano akaanza kutetemeka. Akawa ameshika ubavu wa kulia, na kila alipovuta pumzi alikunja uso. Mdogo wangu, ambaye ndiye anayetunza kihamba, aliazima gari la jirani usiku ule ule akamteremsha mpaka Moshi mjini. Baba alilazwa siku tisa, akisaidiwa kupumua kwa oksijeni. Nilipowasili kwa basi kutoka Dar es Salaam nilimkuta amekuwa mdogo kitandani, kana kwamba shuka ndiyo iliyokuwa imemvaa.

Siku ya kuruhusiwa, daktari alituita kando akatuambia jambo ambalo sikuwa nimepata kulisikia. Alisema mzee akishapona achanjwe chanjo mbili, moja ya homa ya mafua makali, na ya pili ya kichomi. Mimi nilijua chanjo kuwa ni mambo ya watoto wachanga na kadi zao. Nikamwuliza, achanjwe ya nini tena, na hali ugonjwa wenyewe ameshaugua? Akanijibu kwa upole kwamba bakteria aliye msababishi mkubwa wa kichomi ana aina zipatazo mia moja, na aliyeugua kwa aina moja hajapata kinga ya zile nyingine. Mafua makali nayo hubadilika mwaka hata mwaka. Tena mtu aliyewahi kulazwa kwa kichomi yumo katika hatari kubwa zaidi ya kulazwa tena kuliko jirani yake asiyewahi kuugua.

Tulimshukuru, tukamrudisha mzee nyumbani, na hapo ndipo kosa letu lilipoanza. Nasema letu kwa sababu halikuwa la hospitali wala la mtu mwingine.

Kaka yangu mkubwa alisema mwili wa mzee bado umejaa dawa, usiongezewe nyingine. Mama alisema tumngoje apate nguvu. Baba mwenyewe, nilipomgusia, alicheka akasema, "Mwanangu, deni hilo nimekwisha lilipa." Basi tukangoja. Agosti ikapita, kahawa ikachumwa, na nguvu alizipata, lakini kila mmoja wetu alimwachia mwenzake jambo hilo. Desemba ilipofika tulipanda mlimani sote, kama ilivyo desturi yetu, na baba alichinja mbuzi, akanywa mbege, akawa mzee tuliyemzoea. Nilikuwa nimekwisha panga kwamba baada ya Krismasi nitateremka naye mjini. Asubuhi ya siku yenyewe akaamka anapenga kamasi. Hakuwa na homa, alikula mtori bakuli zima, ila kamasi tu. Tukaahirisha. Mimi likizo ikaisha, nikarudi kazini.

Juni iliyofuata kichomi kikamrudia, ubavu wa pili. Safari hii alilazwa siku kumi na sita. Aliyekuwa akipanda na mkungu wa ndizi begani bila kutua, leo huenda na mkongojo, na hupumzika mara mbili kabla ya kufika kwenye mibuni.

Sidai kwamba chanjo ingemkinga kwa hakika. Hakuna chanjo ya namna hiyo, na kichomi kina vyanzo vingi ambavyo sindano hizi mbili hazivigusi. Lakini nafasi tuliyopewa tuliichezea miezi kumi na moja, na sababu zetu zote mbili za kungoja zilikuwa dhaifu. Hayo niliyajua baadaye, nilipoanza kuuliza kwa bidii ya mtu aliyechelewa.

Waliojua walinieleza hivi. Mtu akiwa mgonjwa kweli, ana homa kali au amelazwa, huachwa kwanza mpaka apate nafuu. Hii si kwa kuwa chanjo itamdhuru. Sindano yenyewe huweza kuleta homa kidogo na maumivu ya mkono, na tabibu hataki kushindwa kujua homa ile imetoka wapi, katika ugonjwa au katika chanjo. Homa ikishashuka na mgonjwa akawa anaendelea vizuri, hakuna sababu ya kungoja mpaka anenepe, na kikohozi kinachobaki wiki kadhaa baada ya kichomi si kizuizi. Mafua mepesi yasiyo na homa hayazuii pia. Yale makamasi ya Desemba, ndugu msomaji, hayakuwa kitu! Dawa za kuua bakteria hazigombani na chanjo hizi. Mwenye kumeza kwa wingi dawa za jamii ya steroidi, au mwenye maradhi yanayopunguza kinga ya mwili, ndiye anayepaswa kupangiwa siku na daktari wake, maana mwili wake huenda usiipokee chanjo barabara.

Nikauliza pia kama sindano ya mafua yaweza kumtia mtu mafua, kwa kuwa ndilo neno la barazani. La, haiwezi, kwa sababu virusi vilivyomo vimekwisha uawa. Ila kinga yake huchukua kama wiki mbili kujijenga, na anayeambukizwa katika muda huo huilaumu sindano. Chanjo hiyo hurudiwa kila mwaka, kwani Shirika la Afya Duniani hukutanisha wataalamu wake mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, kuchagua aina za virusi zitakazotiwa ndani. Ile ya kichomi haina haraka hiyo. Iliyo kongwe, ya mwaka 1983, ina aina 23 za bakteria. Miongoni mwa mpya zimo zenye aina 20 au 21, na aghalabu sindano moja ya hizo hutosha. Aliyechomwa ile kongwe hungoja angalau mwaka mmoja kabla ya kupewa mpya, na ndiyo maana inafaa kutunza cheti. Chanjo ya mafua na ya kichomi huweza kutolewa siku moja, huyu mkono huu na huyu mkono ule.

Kuna jambo moja katika habari hii ambalo bado linanikera. Chanjo ya kichomi kwa watu wazima ilijaribiwa kwanza katika mikono ya wafanyakazi Waafrika. Mwaka 1911 daktari Mwingereza, Almroth Wright, aliwachanja makumi ya maelfu ya wachimba dhahabu wa Afrika Kusini, ambako vijana waliotoka nchi za joto walikuwa wakifa kwa kichomi katika mabweni ya migodi. Miaka ya 1970 Mmarekani Robert Austrian alikwenda kwenye migodi ya dhahabu ya nchi hiyo na chanjo bora zaidi, na matokeo yake ndiyo yaliyoiwezesha kupata kibali Marekani mwaka 1977. Leo Marekani hushauri kila aliyefikisha miaka 50 aipate. Kwetu, watoto huipata bure tangu mwaka 2013, wakiwa na wiki 6, 10 na 14, na hilo ni jambo la kujivunia, maana mtoto aliyekingwa si rahisi amwambukize babu yake. Babu mwenyewe, hata hivyo, hana kadi. Chanjo yake hununuliwa, nayo haipatikani kila mahali wala kila siku. Hapana budi kupiga simu katika hospitali kubwa za mjini na kuuliza kwanza, kabla ya kumbebesha mzee safari ya bure.

Mara hii ya pili sikungoja. Homa ilikuwa imekwisha, dawa zilikuwa zimemalizika, alibaki na kikohozi cha asubuhi. Nilipiga simu, nikaambiwa zipo zote mbili, nikaomba ruhusa kazini siku nne. Kutoka Kilema mpaka Moshi mjini baba hakusema neno. Muuguzi alimpima joto, akamwuliza kama kuna chakula au dawa inayomdhuru, na kama amewahi kuchanjwa. Baba akasema ndiyo, ya ndui, alipokuwa mtoto, akamwonyesha kovu. Sote tukacheka.

Usiku huo mkono ulimwuma, asubuhi ukatulia. Alichukua daftari ambamo huandika kilo za kahawa anazopeleka chama cha ushirika, akafungua ukurasa mpya, akaandika tarehe na majina ya chanjo, akinitaka nimtajie herufi moja moja.

Likizo yangu nayo nimeihamisha. Sisi Wachaga hupanda nyumbani Desemba, lakini baridi inayowachukua wazee wetu ni ya Juni, kwa hiyo siku zangu chache huziweka Mei. Mwaka huu baba ndiye aliyetangulia kupiga simu. "Mwanangu," alisema, na nyuma yake nikamsikia mama akikohoa, "ukungu umeanza kushuka. Ile ya mwaka huu imefika? Na kama imefika, waulize ya watu wawili."