Barua Niliyoombwa Kuandika

Katibu wa kamati ya msikiti katika kata kama yetu ya Segese huandika barua nyingi zisizohusu msikiti. Anayeomba kibarua cha uchenjuaji na anayetafuta kazi ya ulinzi katika mgodi wa Bulyanhulu, wote hupita kwangu kutaka utambulisho. Barua hizo hazinipi tabu. Namjua mtu, namjua baba yake, naandika nilijualo, nagonga muhuri.

Mwezi wa Shaaban uliopita alinijia kijana aliyehitimu shahada ya takwimu Dodoma. Alikuwa akiomba kazi katika kampuni ya teknolojia, kwenye timu ya wanasayansi wa data, yaani wale wanaochambua kumbukumbu za miamala na mikopo mpaka kompyuta ijifunze kukisia nani atalipa na nani hatalipa. Hiyo ilikuwa kampuni ya nne. Ya tatu ilimpa mtihani wa kufanyia nyumbani. Akakesha siku nne, kwa bando lililonunuliwa na mama yake muuza mchele, akaituma kazi. Hadi leo hajajibiwa, hata neno la kumkataa.

Sasa alitaka niandike kwamba ameutumikia msikiti miaka miwili kama mtunza takwimu. Ukweli ni kuwa alitutengenezea daftari la wanaostahiki zakatul-fitri katika kompyuta, kazi ya miezi mitano. Na aliifanya vizuri mno: aligundua kaya tatu zilizoandikwa mara mbili, na ajuza mmoja ambaye sisi wanakamati, kwa miaka yote hiyo, hatukumwandika kabisa.

“Ustadhi,” aliniambia, “siku hizi maombi hayasomwi na mtu. Yanasomwa na mashine. Ikikuta miezi mitano, inakutupa.”

Nilitaka kumkemea, nikasita, kwani kuhusu mashine hakukosea sana. Mwaka 2018 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba kampuni ya Amazon ilijenga programu ya kuchuja waombaji kazi, ikaifundisha kwa maombi ya miaka 10 ambayo mengi yalikuwa ya wanaume. Programu ikajifunza kuwashusha wanawake, mpaka mradi ukaachwa. Na mlango ulio karibu zaidi na vijana wetu ni upi? Januari 2023 jarida la TIME liliandika habari za vijana wa Nairobi walioajiriwa na kampuni ya Sama kwa kazi ya OpenAI, wakisoma maandishi ya ukatili na uchafu ili kuyawekea alama, kwa ujira usiozidi dola 2 kwa saa. Mtu akiona hayo, kuongeza miezi katika barua huonekana jambo dogo.

Nikamkumbusha kisa cha Nabii Musa (a.s.) katika Surat al-Qasas. Binti wa mzee wa Madyan alimshauri babaye amwajiri Musa kwa sifa mbili, nguvu na uaminifu, na mzee akataja muda waziwazi: miaka minane, na akitimiza kumi ni kwa hiari yake. Kijana akanijibu kwamba yule binti alimwona Musa kwa macho akinywesha mifugo. Yeye nani amemwona?

Sikuwa na jibu. Niliandika miezi mitano. Lakini badala ya ile mistari miwili niliyozoea, nilijaza ukurasa mzima: kaya tatu, ajuza, namna alivyokwenda nyumba kwa nyumba kuhakiki majina. Aliisoma, akaikunja, akaondoka bila kuaga. Ijumaa mbili sikumwona. Mama yake alinisalimu sokoni kwa sauti ya chini nisiyoizoea, na nakiri kuwa usiku ule nilijiuliza kama nimehifadhi amana au nimehifadhi jina langu tu.

Kampuni ya nne nayo haikujibu. Wiki ya pili ya Ramadhani, baada ya tarawehe, aliingia ofisini na kompyuta yake kwapani, akaketi, akalifungua lile daftari, akaniuliza kama yule ajuza bado yu hai.