Nguo inayotoka mtini: safari ya kutoka Gwarama hadi Bukomansimbi

GWARAMA, kwenye nyanda za juu za Kigoma, mama akienda sokoni humfunga mtoto mgongoni kwa kitenge. Kitenge hicho kimetoka kiwandani, na maua yake yamepigwa chapa na mashine. Mtoto anayekua akikiona kila siku atadhani nguo zote huzaliwa hivyo.

Kata hii iko Wilaya ya Kakonko, iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012, si mbali na Burundi. Katika ukanda huu wa Maziwa Makuu, Warundi, Wahaya na Waganda walivaa nguo zilizotoka kwenye magome ya miti. Watu wa misafara kutoka pwani waliiita mbugu. Misafara hiyo hiyo ndiyo iliyoleta merikani na kaniki katika karne ya 19, na mbugu ikaanza kurudi nyuma.

Anayetaka kuonyesha watoto jinsi inavyotengenezwa itabidi apande basi kuelekea kaskazini: Nyakanazi, Biharamulo, Bukoba, avuke mpaka pale Mutukula, apite Masaka hadi Bukomansimbi, Uganda. Ni mwendo mrefu. Kwa wenye watoto wadogo ni busara kulala Bukoba.

Huko mti wenyewe, wa jamii ya mkuyu, huitwa mutuba. Gome huvunwa msimu wa mvua, wakati linabanduka kwa urahisi. Fundi hukwangua ganda la nje, hukata juu na chini ya shina, kisha hubandua gome la ndani taratibu kama anayemvua mtoto shati. Shina lililobaki uchi hufungwa majani ya mgomba, nalo huotesha gome jipya. Mti haufi. Mwaka unaofuata huvunwa tena.

Gome hulainishwa kwa moto au maji ya moto, likalazwa juu ya gogo ndani ya banda lililo wazi pande zote, maana likikauka haraka limeharibika. Hapo huanza kugongwa kwa nyundo za mti zenye mifereji: kwanza ya mifereji mipana, mwisho ya mifereji myembamba kabisa. Kipande kilichokuwa chembamba hupanuka mara kadhaa. Kila nyundo huacha mistari yake, kwa hiyo nguo hupata chapa bila wino. Baada ya hapo huanikwa, na jua huigeuza kutoka weupe uliofifia hadi wekundu wa udongo wa matofali. Za wafalme na machifu ndizo zilizotiwa rangi, nyeupe au nyeusi.

Kazi hii ni ya maisha. Kwa Waganda inashikwa na ukoo wa Ngonge, na fundi mkuu, kaboggoza, hurithi cheo chake. Ufundi hurithishwa hasa kwa vitendo. Uko mkononi. Ndiyo maana hatari yake ni kubwa: fundi akifa bila kijana pembeni yake, kitabu pekee hakitoshi. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kuwa urithi wa binadamu, ikaingizwa rasmi kwenye orodha mwaka 2008, na Uganda ikaendesha mradi wa kufundisha vijana na kupanda mituba. Kabaka Ronald Mutebi aliposimikwa mwaka 1993, alivikwa mbugu.

Zamani ilitumika pia kama shuka, pazia na kizuizi cha mbu. Mzazi asidanganyike na hilo la mbu: chandarua chenye dawa hakina mbadala hapa. Na mtoto anayetazama akae hatua kadhaa kutoka kwenye gogo, kwani mlio wa nyundo siku nzima si rafiki wa masikio machanga.

Leo mbugu hutengenezwa mikoba, kofia na vifuniko vya daftari kwa ajili ya watalii. Wapo wanaonung'unika kwamba nguo ya mazishi na kusimika wafalme haifai kuwa mkoba. Lakini anayenunua mkoba anamlipa fundi, na kijana huangalia kwanza kama kazi inalipa.

Miti ya jamii ya mkuyu inaota Kigoma pia. Mwenye bibi au babu Gwarama, likizo ijayo ampeleke mtoto akamuulize wazee walivaa nini kabla ya kaniki, na waliiitaje kwa Kiha.