Kwa nini habari za jioni hazianzi tena na ule muziki

Wasikilizaji wetu wa Kilembwe na vijiji vingine vya Lulenge, nanyi ndugu zetu mliokimbia na leo mnalala kwenye nyumba za watu, mmetuuliza swali moja mara nyingi: ule muziki wa habari za jioni umekwenda wapi? Mmoja alituma ujumbe akisema radio imekuwa maskini mpaka imekosa hata muziki. Hapana. Muziki bado uko ndani ya kompyuta. Mimi ndiye niliyeuleta, na mimi ndiye niliyeomba utolewe. Hewani nilisema maneno mawili tu kwa sababu dakika zile ni za habari. Hapa nitaeleza yote.

Jenerike ile ilikuwa ya sekunde 14. Niliikata kutoka filamu moja ya vita vya angani, zile ambazo meli za chuma zinapita kati ya nyota na miji mizima inateketea. Kwanza zinaingia violoni kubwa za sauti nzito, zinarudia noti zilezile haraka haraka, kama mtu anayepanda mlima akihema. Kisha ngoma. Kisha matarumbeta na matromboni kwa pamoja, na juu yake sauti yangu: "Habari za jioni." Siku ya kwanza tekniseni wetu alisema sasa tunasikika kama radio ya Kinshasa. Nilifurahi sana.

Muziki wa namna hiyo niliupenda tangu utoto. Familia yetu ilikimbia Fizi katika vita vya 1996, tukavuka ziwa, tukafika kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma. Pale kambini kulikuwa na chumba cha video, jenereta nje na mabenchi ndani. Kanda zilikuja zikiwa zimewekewa sauti ya msimulizi wa Kiswahili, kama Lufufu wa Dar es Salaam ambaye wengi wa rika langu wanamkumbuka. Msimulizi alieleza kila kitu: nani mwovu, nani anampenda nani, sasa angalia nyuma ya mlango. Aliongea juu ya maneno ya waigizaji, juu ya milio ya bunduki, juu ya muziki. Lakini aliponyamaza kidogo kuvuta pumzi, muziki uliokuwa chini ulipanda. Nafasi hizo ndizo nilizozingoja. Sikujua muziki ule unaitwaje wala nani anaupiga. Nilijua tu kwamba ulipobadilika, mabenchi yote yalinyamaza kabla hatujaona kitu.

Miaka mingi baadaye, nikisomea uandishi wa habari Bukavu, mwenzangu mmoja alikuwa na kompyuta na vipokea sauti vya masikioni. Usiku mmoja nilitazama filamu kama zile bila msimulizi. Hapo nilielewa kwamba chini ya maneno ya Lufufu kulikuwa na watu wengi wanaofanya kazi.

Kwetu Kongo ukisema okestra, mtu anafikiri OK Jazz ya Franco: magitaa, saksofoni, waimbaji mbele. Okestra ya filamu hizi ni nyingine. Ni watu themanini, mia moja na zaidi, wamekaa nusu duara, violoni, filimbi, matarumbeta na ngoma kubwa za shaba, na kila mmoja ana karatasi yake yenye noti. Mtunzi huandika karatasi hizo akitazama filamu iliyokwisha kukatwa, ili tarumbeta lilie sekunde ileile mlango unapofunguka. Kwa Star Wars ya mwaka 1977, mtunzi alikuwa Mmarekani John Williams, na waliopiga ni London Symphony Orchestra. Kwa Interstellar ya mwaka 2014, Hans Zimmer alichukua ogani ya kanisa moja la kale jijini London, Temple Church, kwa sababu ogani ile hupumua kwa upepo kama binadamu.

Nilipotafuta zaidi nilikuta jambo ambalo sikulitilia maanani wakati ule. Mwaka 1914, Mwingereza Gustav Holst alitunga kipande cha okestra juu ya sayari ya Mirihi, akakiita mleta vita. Mapigo yake ni matano badala ya manne, hivyo huwezi kutembea nayo bila kujikwaa. Wapiga violoni wanagonga nyuzi kwa mti wa upinde, na matarumbeta yanapanda juu yao. Sikiliza kipande hicho, halafu sikiliza mapigano ya Star Wars: utasikia undugu. Filamu nyingi za anga zilizofuata zimechota katika kisima hicho. Kwa hiyo jenerike niliyoikata ilikuwa mjukuu wa muziki uliotungwa kuonyesha vita. Mimi niliiweka mbele ya habari za Fizi.

Sasa nije kwa mama yule.

Ni mama aliyeshuka kutoka nyanda za juu na watoto wanne, anayepokewa na familia moja hapa Kilembwe. Nilikwenda kumhoji juu ya chakula na dawa. Tulipomaliza, nikafunga mashine, akaniuliza:

"Wewe ndiye wa radio, yule wa jioni?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mwanangu, ule muziki wenu nakuomba upunguze."

Nilidhani anasema sauti iko juu sana. Akanieleza. Mwenye nyumba hufungua radio kila jioni. Muziki unapoanza, mtoto wake wa tatu, wa miaka kama mitano hivi, huacha bugali, huenda kwenye kona na kushika ndoo. Hiyo ndiyo mzigo wake wakikimbia: yeye hubeba ndoo yenye vikombe. Anasimama nayo mpaka muziki uishe, anamtazama mama yake usoni. Mama anamwambia, "Kaa, ni radio tu." Mtoto anakaa. Kesho yake anasimama tena.

"Na mimi," mama akasema, "moyo wangu nao unasimama. Ila mimi ni mtu mzima, sishiki ndoo."

Nilirudi nyumbani nikiwa sina la kusema. Nilikumbuka usiku tuliokimbia sisi. Nilikuwa mdogo, na ninachokumbuka zaidi ni kimya. Hakukuwa na violoni. Mbwa alibweka upande wa mto, baba akazima taa, mama akatuambia tushikane mikono. Katika filamu muziki hukuonya: unajua jambo linakuja, unajiandaa, na ndani ya moyo wako unajua pia kwamba aliyetunga ameshaona mwisho. Kwetu hatari huja bila onyo. Ndiyo maana aliyekimbia mara mbili, mara tatu, hujitengenezea onyo lake mwenyewe: mbwa, pikipiki inayopita usiku, simu inayoita saa isiyo yake. Na sisi wa radio tulikuwa tumempa lingine, kila jioni, saa ileile. Siku nyingi habari zenyewe zilikuwa za bei ya muhogo, chanjo ya watoto na mashindano ya mpira. Lakini mwili wa yule mtoto ulikuwa umeshasikia vita kabla sijafungua mdomo.

Muziki haukuwa na kosa. Ulifanya kazi uliyotungiwa, na uliifanya vizuri. Kosa lilikuwa langu, kuuweka mahali ambapo watu hawajui mwisho wa hadithi.

Tulikaa kikao pale radio, pamoja na wawakilishi wa klabu ya wasikilizaji. Kijana wetu mmoja alisema tuchukue muziki wa Black Panther, kwa kuwa huo angalau una Afrika ndani. Ni kweli. Mtunzi wake, Ludwig Göransson wa Sweden, alikwenda Senegal, akasafiri na mwimbaji Baaba Maal, na akamrekodi Massamba Diop, mpigaji wa tama, ile ngoma ndogo ya kwapani inayosema. Katika filamu tama hiyo inalitamka jina la shujaa, T'Challa, kisha okestra inafuata nyuma yake. Göransson alikwenda pia Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki wa Kiafrika iliyoanzishwa na Hugh Tracey mwaka 1954. Tracey huyo alifika hata Kongo na mashine zake mwaka 1952 kurekodi waimbaji na wapiga ngoma. Muziki wa Black Panther ulipata tuzo ya Oscar mwaka 2019. Niliwaeleza wenzangu hayo yote kwa furaha, maana nayapenda. Lakini tulipousikiliza pamoja, tekniseni akasema neno moja: "Huu nao unakwenda vitani." Alikuwa na haki.

Yeye alitaka tuchukue kitu cha okestra ya Wakimbanguisti wa Kinshasa, Orchestre Symphonique Kimbanguiste. Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, aliianzisha mwaka 1994, violoni zikiwa chache na watu wakizipokezana. Nyuzi zilipokatika waliweka waya wa breki ya baiskeli. Leo wanapiga Beethoven na Carl Orff, na filamu ya mwaka 2010, Kinshasa Symphony, iliwapeleka dunia nzima. Pendekezo lilitupendeza wote. Ila tulijiuliza kama kipande cha sekunde chache cha okestra kubwa hakitamrudisha yule mtoto kwenye ndoo.

Mtu mwingine akasema: basi ngoma yetu ya Kibembe, tuirekodi hapahapa. Mzee mmoja wa klabu, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, akatikisa kichwa. "Ngoma ikilia jioni na hakuna harusi," alisema, "mimi nitatoka nje kuuliza nani amefariki. Radio yenu sitaisikia tena."

Ndipo nikarudi kwa mama yule, nikamuuliza yeye angependa nini. Alicheka kidogo, labda kwa sababu hakuna mtu anayemuuliza mkimbizi habari za muziki. "Mwanangu, kama habari ni nzuri au ni mbaya, niambie kwa mdomo wako. Hilo linatosha."

Hiyo ndiyo sababu. Habari za jioni sasa zinaanza na saa, tarehe, na majina ya vijiji ambavyo tumezungumza navyo siku ile. Kijiji baada ya kijiji, kwa sauti ya kawaida. Kama kuna jambo baya tunalisema mapema, tunasema wapi, na tunasema nani ametuambia. Wapo wasiopenda. Wanasema tunasikika kama mwalimu anayeita majina darasani. Labda. Lakini nimeona watu wakisimama karibu na radio kwenye kibanda cha kushaji telefone, wakihesabu vijiji kwa vidole mpaka wasikie cha kwao, ndipo wanaendelea na safari.

Ule muziki sijauacha. Jumapili alasiri, baada ya salamu, nimepewa nusu saa. Naweka Star Wars, naweka ogani ya Interstellar, naweka tama ya Massamba Diop, na kabla ya kila kipande naeleza: sasa utasikia violoni nzito, ni za filamu, ni meli inaondoka, hakuna kinachokuja. Vijana wa sekondari wananipigia kuuliza jinsi noti zinavyoandikwa. Wawili waliniomba niwaoneshe violoni, nikawaambia sina, hata mimi sijawahi kuishika.

Jumapili iliyopita nilipita kwa ile familia nikampelekea mama habari hizi. Mtoto alikuwa uani na ile ndoo. Alikuwa ameijaza maji, anaoshea miguu.

Kama kijiji chenu hakitajwi jioni, tutumieni ujumbe au mtuambie kupitia ripota aliye karibu nanyi. Tutawapigia kabla ya saa ya habari.