Umehamia Kolo na mtoto, mfuko mwepesi? Nunua mtumba kwa akili

Ukitoka Dodoma mjini kwa basi la Babati, unapita Chemba na Kondoa, na baada ya takriban kilomita 180 unafika Kolo. Lami ya Dodoma hadi Babati, yenye kilomita 251, ilizinduliwa Julai 2018. Wageni wengi hushuka hapa kwa ajili ya michoro ya miambani, iliyoingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006.

Lakini wapo wageni wasiokuja kutazama na kuondoka: mwalimu aliyepangiwa kituo, muuguzi wa ajira mpya, mama aliyemfuata mumewe. Hao hushuka na mabegi, mtoto mgongoni, na mshahara wa kwanza bado haujaingia.

Ukiwa umetoka pwani, baridi ndiyo itakayokupokea. Eneo hili liko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi zake ni za sweta. Hapo ndipo mtumba, ambao wazee waliuita "kafa Ulaya", unapookoa familia.

Waulize majirani tarehe za mnada. Ukiwahi asubuhi unapata chaguo. Ukisubiri jioni unapata bei, kwa sababu muuzaji hataki kufunga tena mzigo. Anza na vya baridi: sweta, suruali nzito, kofia, blanketi. Magauni ya sikukuu yasubiri. Chukua saizi moja zaidi, maana mtoto hakui kwa kufuata mshahara. Inua nguo juani uone matundu, vuta mshono, jaribu zipu, kagua kwapa na magoti. Kifungo kilichokatika si tatizo, fundi cherehani yupo.

Nguo za ndani nunua mpya, hata kama ni mbili tu. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) limepiga marufuku uingizaji na uuzaji wa nguo za ndani za mtumba, zikiwemo chupi, sidiria na soksi.

Ukifika nyumbani, usimvishe mtoto siku hiyohiyo, hata kama anaililia. Fua kwa sabuni na maji ya moto, anika juani hadi ikauke kabisa, kisha piga pasi pande zote mbili, hasa kwenye mishono. Vijidudu vya upele kwa kawaida havidumu zaidi ya siku tatu nje ya ngozi ya binadamu, na joto huviua. Sweta la sufi lisiloweza maji ya moto lifunge ndani ya mfuko wa plastiki kwa wiki moja, kisha ulifue.

Kwa mwenye kichanga, kuna hatari nyingine isiyoonekana kwa macho. Nguo yenye harufu kali ya vidonge vyeupe vya kufukuza nondo huenda imekaa na nafthalini. Baadhi ya watoto huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali ya kurithi inayopatikana zaidi katika maeneo yenye malaria. Mtoto wa aina hiyo akivishwa au kufunikwa nguo yenye nafthalini, chembe nyekundu za damu zinaweza kuvunjika na akapata manjano. Manjano makali kwa kichanga yanaweza kudhuru ubongo.

Mzazi hawezi kujua kwa kumtazama kama mtoto wake ana upungufu huo. Kwa hiyo nguo au blanketi lenye harufu hiyo usilinunulie kichanga, hata likiuzwa bei ya bure. Ukiona macho au ngozi yake ina rangi ya njano, mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, au amelegea na hanyonyi, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, na umweleze mhudumu kuhusu nguo hizo.

Mzazi mwenzangu, bei ya mtumba haiishii mnadani. Ukiwa na shilingi 10,000, nunua nguo za 8,000 na ubakize 2,000 ya sabuni, maji na mkaa wa pasi. Sweta mbili zilizofuliwa na kunyooshwa zitamfaa mwanao kuliko tatu zilizotoka mnadani moja kwa moja hadi mwilini.